Mpeasi wa Asia Uani: Jorodom Wafaa, Visiwani Haufai

Wanachama wetu wengi wametuuliza habari za mti uitwao mpeasi wa Asia. Wengine wameiona miche yake ikichuuzwa mjini kwa maneno matamu. Wengine wana watoto na ndugu wanaofanya kazi Bara, katika nchi za baridi kama Mbulu na Hanang, nao wangependa kujua kama mti huo wafaa kupandwa nyumbani. Tumeona vema kuwajibu wote kwa pamoja, kwa kuwa maswali yao ni mawili lakini mzizi wake ni mmoja.

Jibu letu kwa ufupi ni hili. Mwenye kiwanja Jorodom, chini ya Mlima Hanang, na aupande, kwa masharti tutakayoyaeleza. Mwenye kiwanja Wete, Mkoani au Donge, asitoe hata shilingi moja kuununua. Sababu yake si bahati wala si rutuba ya ardhi. Sababu ni kwamba mti huu, kabla ya kuzaa, hapana budi ulale. Na usingizi wake hauji ila kwa baridi.

TUNDA GANI HILI

Kwanza tusichanganye majina. Zamani watu wa pwani walikuwa wakiliita parachichi pea, na mti wake mpea. Tunda tunalolisema hapa silo hilo. Peasi ni jamaa ya tufaha, lile tunda la nchi za baridi linalouzwa madukani. Wala tofaa letu jekundu la shambani halihusiani nalo. Tofaa letu ni jamaa ya mkarafuu, na ndiyo maana linastawi kwetu bila ya kubembelezwa.

Peasi lijulikanalo zaidi Tanzania ni lile la Ulaya, lenye shingo nyembamba na tako pana, litokalo Lushoto na nyanda za juu za kusini kama Njombe. La Asia ni la mviringo. Ganda lake, kwa aina nyingi, ni la rangi ya kahawia na lina mikwaruzo kama msasa. Aina nyingine zina ganda laini la manjano. Nyama yake haiwi laini kama siagi. Hukatika mdomoni kwa mlio, na maji yake ni mengi. Asili yake ni China, Korea na Japani. Wajapani huliita nashi.

Yafaa tueleze habari moja ya Japani, kwa kuwa inahusu uani hasa. Mwaka 1888, katika kijiji kimoja cha jimbo la Chiba, kijana wa miaka 13 aitwaye Matsudo Kakunosuke aliona mche wa peasi umeota wenyewe penye jaa la nyumba ya jamaa zake. Akaung'oa, akaupanda kwao, akautunza kwa miaka 10 mpaka ukazaa. Matunda yake yakawa mazuri kupita yaliyojulikana wakati huo, na mwaka 1898 aina hiyo ikapewa jina Nijisseiki, maana yake karne ya ishirini. Mwaka 1904 miche 10 ilipelekwa Tottori, na toka hapo mkoa ule ukajulikana kwa mapeasi mpaka leo. Basi tusiudharau mti wa uani. Lakini tuangalie pia kwamba mche ule ulikuwa katika nchi yenye baridi ya kutosha. Utunzaji ulikuwa wa kijana, na baridi ilikuwa ya Mungu.

NCHI YA JORODOM

Jorodom iko katika nchi ya Mbulu na Hanang, mkoa wa Manyara, mkoa uliotengwa na Arusha mwaka 2002. Mlima Hanang una kimo cha mita 3,420 hivi, nao ulitokana na moto wa ardhini, kwa hiyo udongo wa chini yake una majivu ya zamani na rutuba nyingi. Mvua huanza kiasi cha Novemba au Disemba na kukoma kiasi cha Mei. Kisha huja miezi mikavu, na ndani yake Juni na Julai ni miezi ya blanketi mbili usiku. Ngano, ambayo haina haja na joto la pwani, imelimwa kwa wingi pande za Basotu katika wilaya hiyo. Mkulima akisikia tu kwamba nchi inatoa ngano, ameshajua nusu ya habari zake.

Wenyeji wake ni Wairaqw, ambao wengine huwaita Wambulu, na Wadatoga ambao ni wafugaji hodari, pamoja na watu wa makabila mengine. Wairaqw wana sifa ya zamani ya kulima na kufuga kwa pamoja, samadi ya ng'ombe ikirudishwa shambani. Kwa hiyo mtu wa Jorodom anayetaka kupanda mti wa matunda hana haja ya kununua mbolea ya mfuko. Aghlabu mbolea yake imelala zizini.

Nchi hiyo ilipata msiba mkubwa tarehe 3 Disemba 2023. Baada ya mvua nyingi, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlimani yakapita katika mji wa Katesh na vijiji vya chini ya mlima. Watu zaidi ya 80 walifariki, na nyumba na mashamba yakafunikwa. Sisi wakulima wa karafuu twaweza kuwaelewa watu hao, maana kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na kazi ya miaka mingi ikalala chini kwa siku moja. Hatusemi kwamba mti wa uani unazuia mlima kuporomoka. Hauzuii, na mtu asijenge wala asipande katika njia ya maji kwa kutumaini mizizi. Twasema tu kwamba baada ya msiba watu hujenga nyumba kwanza, kisha huuliza wapande nini. Wakati huo ndio wa kuchagua mti kwa akili, kwa sababu mti uliochaguliwa vibaya hula miaka mitano ya mtu kabla hajajua kuwa amekosea.

MTI UNAOTAKA KULALA

Mkarafuu hauna usingizi. Majani yake ni mabichi mwaka mzima, na ukipata msimu wa ukavu kidogo baada ya mvua hutoa vikonyo vyake. Mpeasi si hivyo. Kwao hupukutisha majani wakati wa baridi, ukasimama mtupu kama kuni. Ndani ya vichipukizi vyake kuna kitu kama kufuli, na ufunguo wake ni saa za baridi. Wataalamu huzihesabu saa ambazo hewa imeshuka chini ya nyuzi 7 hivi. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa nyingi sana, nyingine karibu 1,000. Za Asia kwa kawaida hutaka chache kuliko hizo, na baadhi hutosheka na mia chache tu. Hii ndiyo sababu ya kuzichagua za Asia kwa nchi za milima zilizo karibu na ikweta.

Saa hizo zisipotimia, mti haufi. Tena hapo ndipo mtu anapodanganyika, kwa kuwa anauona una majani mazuri na urefu unaongezeka. Lakini maua huja machache, hapa moja na pale moja, kwa nyakati mbalimbali. Mengine hudondoka, na matunda hayashiki. Mwenye mti humwaga mbolea na maji akidhani una njaa, kumbe una usingizi uliokatika.

Jorodom baridi ipo, walakini si baridi ya Japani. Inatoa nusu ya dawa, na nusu ya pili hutolewa kwa mkono. Tutaeleza jinsi yake baada ya kueleza kupanda.

MCHE NA MWENZAKE

Mbegu ya mkarafuu huzaa mkarafuu unaofanana na mama yake, au karibu sana. Mbegu ya peasi haina uaminifu huo. Mche wa Matsudo Kakunosuke ulikuwa bahati moja katika miche maelfu. Kwa hiyo asinunue mtu mche wa mbegu, bali mche uliobebeshwa, yaani kijiti cha aina inayojulikana kilichounganishwa juu ya mche wa chini wenye mizizi yenye nguvu. Aangalie pale kwenye kovu la kiungo; kama hakuna kovu, huo ni wa mbegu, aurudishe.

La pili, mpeasi mmoja peke yake kwa kawaida hauzai vizuri. Chavua ya aina moja hailiridhii ua la aina hiyohiyo. Hata miti 10 ya Hosui tupu ni kama mti mmoja. Hutakiwa aina mbili zinazochanua wakati mmoja, zisiwe mbali, na nyuki wa kupeleka chavua. Kama jirani ana mpeasi wa Ulaya unaochanua siku hizohizo, nao waweza kusaidia. Na mwenye uwanja mdogo waweza kumbebeshea tawi moja la aina ya pili juu ya mti uleule, akawa na mke na mume katika shina moja.

Nyuki nao wana tabia yao. Ua la peasi lina asali nyepesi yenye utamu mdogo, na nyuki akiona ua lingine lenye utamu hulikimbilia. Yafaa mzinga uwe karibu, na maua mengine ya chini yafyekwe siku za kuchanua.

Miche na vijiti visiletwe kwa kufichwa katika mizigo kutoka nchi za nje. Sisi tuliokwisha kuona maradhi ya kufa ghafla yakikausha mikarafuu tunajua maradhi ya mti yana thamani gani. Mtu wa Jorodom na aanze kwa Bwana Shamba wake, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Tengeru, Arusha, ambacho kazi yake ni mboga na matunda. Swali la kuuliza ni moja: aina hii inataka saa ngapi za baridi? Muuzaji asiyeweza kulijibu hajui anachouza.

KUPANDA

Chimba shimo mapema, kabla ya mvua, upana futi 2 na kina futi 2. Udongo wa juu uweke upande wake na wa chini upande wake. Changanya ule wa juu na debe mbili za samadi iliyooza barabara. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mvua zikishika, panda. Kovu la kiungo libaki juu ya ardhi upana wa kiganja, kwani likifukiwa kijiti huota mizizi yake chenyewe na faida ya mche wa chini ikapotea. Mti na mti viachane futi 12 mpaka 15.

Usipande bondeni penye maji yanayosimama, wala chini ya mti mkubwa. Jua ndilo linalotia utamu. Funika ardhi kwa nyasi kavu, lakini nyasi zisiguse shina, maana huko ndiko mchwa na panya wanakopata nyumba. Kisha weka ua wa miba. Katika nchi ya wafugaji adui wa kwanza wa mche ni mbuzi, na mbuzi hangoji maelezo.

Miaka miwili ya mwanzo mti hutaka maji wakati wa kiangazi, debe moja au mbili kwa wiki. Maji ya kuoshea vyombo yafaa, yasiwe na sabuni nyingi.

Mche ukishika, kata ncha yake katika kimo cha futi 3 hivi ili utoe matawi ya pembeni. Chagua matatu au manne yaliyoelekea pande mbalimbali, mengine ondoa. Matawi hayo yasiachwe kusimama wima. Yafunge kamba, uyavute polepole yalale kama mkono ulionyooshwa, na kamba uifunge kwenye kigingi. Tawi la wima hutafuta urefu. Tawi lililolala hutafuta matunda. Wajapani hufuata jambo hili mpaka mwisho: huyalaza matawi yote juu ya dari ya waya, kimo cha futi 6 hivi, ili tufani zisiangushe matunda na mchumaji asihitaji ngazi. Wachumaji wetu wa karafuu, wanaojua maana ya kuanguka mtini, wataiona hekima hiyo.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu mpe miaka mitatu. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa kiasi cha mwaka wa 3 au wa 4, na matunda hushika juu ya vijiti vifupi katika matawi yenye umri wa miaka miwili na zaidi. Kwa hiyo mwenye kukata ovyo kila mwaka hukata mavuno yake.

KUULAZA NA KUUAMSHA

Sasa tuje kwenye ile nusu ya dawa. Katika milima ya Batu, Java ya Mashariki, nchi ya Indonesia, wakulima hupata matufaha karibu na ikweta, ijapokuwa baridi ya kweli haiko. Baada ya kuvuna hungoja kiasi cha mwezi, kisha huyang'oa majani yote kwa mkono. Mti hudhani msimu umekwisha na mwingine umeanza, ukatoa maua kwa pamoja. Huko wao hupata hata mavuno mawili kwa mwaka. Jambo la maana ni kwamba majani yang'olewe baada ya vichipukizi kukomaa lakini kabla havijalala usingizi mzito.

Kwa nchi ya Jorodom hesabu yake yaweza kuwa hivi. Mti uliotimiza miaka mitatu uachiwe maji kuanzia Juni, ukavu na baridi viufanyie kazi. Mwishoni mwa Julai au mwanzo wa Agosti majani yaliyobaki yang'olewe kwa mkono, moja moja, kwa kuyavuta kuelekea ncha ya tawi ili kichipukizi kisiumie. Kisha mti unyweshwe maji ya kutosha. Ua likishika, tunda huchukua miezi minne mpaka mitano kukomaa, kufuatana na aina. Katika Septemba na Oktoba mvua haijaja, kwa hiyo asiye na maji ya kumwagilia asiuamshe mti mapema. Na angoje karibu na mvua. Mti mchanga au mgonjwa usivuliwe majani kabisa.

Kila mwaka tarehe ya kuvua majani, ya ua la kwanza na ya tunda la kwanza ziandikwe katika daftari la skuli. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litakuwa mwalimu bora kuliko makala hii.

MATUNDA MTINI

Ua la peasi hutoka kwa kishada, maua matano mpaka manane pamoja. Yote yakishika, usifurahi. Tunda likifika ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, acha moja tu katika kila kishada, na kati ya tunda na tunda iwe nafasi ya kiganja. Kazi hii huumiza moyo wa mkulima, lakini asiyeifanya huvuna matunda mengi madogo yasiyo na ladha, matawi huvunjika, na mwaka unaofuata mti hupumzika bila ya ruhusa.

Kisha kuna nzi wa matunda. Yule mgeni kutoka Asia aliyeonekana Kenya mwaka 2003 akaenea haraka katika Afrika, na wenye maembe wanamjua. Dawa ya mtu wa nyumbani ni kulifunika kila tunda kwa mfuko wa karatasi likiwa bado dogo, kama Wajapani wafanyavyo kwa Nijisseiki yao. Gazeti lafaa, hata jarida hili likishasomwa lafaa. Matunda yaliyodondoka yaokotwe kila siku na kufukiwa kwa kina.

Kuchuma nako kuna elimu yake. Peasi la Ulaya huchumwa likiwa gumu likaivia ndani ya nyumba. La Asia huivia mtini, na likichumwa changa litabaki changa. Rangi ikigeuka kutoka kijani kuelekea manjano au dhahabu, liinue kwa kiganja. Lililoiva hukatika kikonyo lenyewe. Onja moja kabla ya kuchuma zote. Libebwe kama yai, maana kila likigongwa huacha alama nyeusi. Mahali penye baridi hukaa majuma mengi, na hilo ni faida kwa mwenye kupeleka sokoni Katesh au Babati.

NA SISI VISIWANI

Kilima kirefu cha Pemba hakifiki mita 150, na usiku wetu wa baridi kabisa bado ni joto kwa mpeasi. Hakuna kung'oa majani wala mbolea itakayobadili hayo. Mwenye kuuza miche ya mpeasi katika visiwa vyetu anauza kivuli.

Lakini mwanachama asiondoke na huzuni. Hoja iliyoufanya mpeasi ushindwe kwetu ndiyo iliyoufanya mkarafuu ushinde. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, nchi ya mvua na joto kama yetu, ukafika hapa mwanzoni mwa karne ya 19 ukajiona uko kwao. Hali kadhalika mshokishoki, mdoriani, mkungumanga na mtofaa, yote asili yake ni pande hizo za Asia. Anayetaka tunda la Asia uani kwake, hayo ndiyo yetu, na mtoto aliye Hanang hawezi kuyapata hata akilia.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto Jorodom na Mbulu wawapelekee makala hii, wala wasiwapelekee miche. Huko wapande aina mbili, miti miwili au mitatu ya kuanzia, si shamba zima; na wakiona maua yanashika, waongeze. Atakayepata tunda la kwanza twamwomba atuandikie aina yake na tarehe zake kupitia katibu wa tawi la mzazi wake, nasi tutazichapisha kwa faida ya wote.